Kilo za Kadi ya Kliniki

Kaptembwo, Nakuru
28 Julai 2025

Kwa Madam Jepkemei, Kambi ya Mbega,

Pengine hunikumbuki. Mwezi wa sita nilikuja kambini kwenu na wanafunzi wa kidato cha pili. Mimi ndiye yule mwalimu wa Baiolojia mwenye daftari la kijani aliyeuliza maswali mengi kuliko wanafunzi wake. Mimi nakukumbuka vizuri. Tulifika kabla ya saa tuliyopatana, na wewe hukujua kuna mtu anakutazama. Ulikuwa juu ya jukwaa la ule waya mrefu wa kuvukia korongo. Ulivua glavu ukapitisha kiganja kitupu juu ya chuma, polepole, kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe mgonjwa. Kisha ukajifunga mikanda, ukateleza peke yako hadi ng'ambo, ukarudi, na ndipo ukaja kutusalimia. Sijawahi kuona mtu akiiheshimu kazi yake namna ile akidhani hakuna anayemwona. Nimeifikiria asubuhi hiyo zaidi ya ninavyopenda kukiri.

Sasa nina ombi. Mama yangu yuko katika kikundi cha akina mama kumi na wawili hapa Kaptembwo. Wanafua nguo, wanauza mboga, mmoja ana cherehani. Kwa miaka kumi na mitano, kila safari waliyosafiri pamoja imekuwa ya mazishi. Wanakodi basi, wanabeba sufuria, wanaimba njiani, wanazika, wanarudi. Mwaka jana mama alipolazwa, wenzake walikwenda kumwona, naye akawaambia kwamba akitoka pale, safari itakayofuata itakuwa ya kwenda mahali ambapo hakuna mtu aliyekufa. Ametoka. Amechagua kwenu kwa sababu nilimsimulia.

Tunataka siku nzima: kutembea msituni, daraja la kamba, kuteremka mwamba, kuoga kwenye maporomoko, na mwisho ule waya. Mama anautaka waya kuliko vyote. Tarehe ni Jumamosi, 23 Agosti. Tafadhali niandikie kila kitu tunachopaswa kujiandaa nacho.

Najua simu hazishiki huko. Muturi, dereva wa lori la maziwa, amekubali kubeba barua zetu. Ukijibu, mpe yeye. Kila asubuhi akiteremka husimama kunywa chai kwenye meza ya mandazi ya mama yangu kando ya barabara.

Kwa heshima,
Nangila


Kambi ya Mbega
31 Julai 2025

Mwalimu Nangila,

Nakukumbuka. Uliniuliza mbona mti wa podo unaitwa podo. Mpaka leo sijui.

Tarehe iko sawa. Viatu viwe vya kufunika mguu wote na viwe na meno chini. Gambuti sawa, sandali hapana. Nguo za mikono mirefu kwa sababu ya thabai, yale majani yakikugusa utacheza bila muziki. Sweta, maana asubuhi hapa baridi inauma. Manukato wasipake. Tuko na nyuki na nyuki hawajui mtu amejipamba. Niandikie pia namba ya kiatu ya kila mmoja, nina gambuti kadhaa za kuazima.

Kila mtu avae suruali. Narudia, kila mtu. Mikanda ya waya inapita katikati ya mapaja na sketi haikubali.

Mwisho ni kilo. Hii si mchezo. Waya wetu unabeba mtu kuanzia kilo hamsini mpaka mia moja. Breki ya ng'ambo naipanga kulingana na uzito wa mtu. Aliyezidi anafika na kasi anagonga. Aliyepungua, mwendo unamwishia katikati, anabaki ananing'inia mpaka nimfuate nimvute, na chini yake ni mita sitini. Nataka majina na kilo kwa maandishi kabla hamjakuja.

Jepkemei


Kaptembwo
4 Agosti 2025

Madam Jepkemei,

Asante. Nimeisoma barua yako mara tatu, kisha nikawasomea akina mama jana baada ya ibada.

Suruali nusura zituvunje. Mama Oduor alisema, "Mimi sijavaa suruali tangu nizaliwe, na sitaanzia mbele ya nyani." Mama Wangechi akamjibu, "Vaa ndani, sketi juu. Mungu ataona sketi, Jepkemei ataona suruali." Kukawa na mjadala kama Mungu anaweza kuzuiliwa na kitambaa. Mwishowe Sue, ambaye ndiye mdogo kwao na ndiye mwenye cherehani, alisema walete suruali kuukuu za waume zao atazipunguza kiunoni. Wale wasio na waume wataletewa za mume wa Sue, ambaye bado hajaambiwa.

Kisha wakaanza kupanga vya kubeba, na wakapanga kama wanavyojua: sufuria tatu kubwa, mablanketi, leso za kufanana, spika. Mmoja akauliza shada la maua atalinunua nani. Halafu wakacheka mpaka Mama Oduor akaketi chini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari langu, na niliwaza kwamba wanawake hawa wamewasindikiza wengine hadi kaburini miaka yote hii na bado wanajua kucheka hivyo. Sijui kama mimi ningeweza.

Orodha ya kilo na ya viatu iko kwenye karatasi ya pili. Nimeikusanya mwenyewe, jina kwa jina. Wa kwanza ni mama yangu, Eucabeth, kilo sitini na moja.

Nangila


Kambi ya Mbega
7 Agosti 2025

Mwalimu,

Nimekaa na orodha yako tangu jana jioni. Viatu sawa. Kilo hazikai sawa.

Mtu mzima ukimuuliza kilo anakupa namba nzima, sabini, themanini. Hawa wako karibu wote wana nusu na robo. Halafu mbele ya jina la Mama Oduor umeandika 78.5, na kando yake kwa herufi ndogo umeandika "wiki ya 34". Nikamuuliza Muturi kama Mama Oduor ni mjamzito. Muturi akasema Mama Oduor ana wajukuu watatu.

Mwalimu, umeniletea kilo za kadi za kliniki ya wajawazito.

Nilicheka peke yangu hapa stoo mpaka mbwa akaja kuangalia. Kisha nikaacha, kwa sababu mama yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, ungemuuliza angekuletea kadi hiyo hiyo. Hakuna siku nyingine mtu aliona haja ya kumpima.

Lakini mimi siwezi kupanga breki kwa mimba ya miaka ishirini iliyopita. Nitawapima wote asubuhi ya Jumamosi kwa mizani yetu ya viazi, mmoja mmoja, nikiangalia kwa macho yangu. Waambie mapema wasije wakaona ni dharau.

Jepkemei


Kaptembwo
11 Agosti 2025

Dada Jepkemei,

Naomba nikuite hivyo leo, kwa sababu ninachotaka kusema siwezi kumwambia Madam.

Ni kweli. Nilipowauliza kilo zao walinitazama kama nimewauliza namba ya pasipoti. Kisha mmoja akasema, "Ngoja, iko kwenye kadi," na wote wakatawanyika majumbani, wakarudi na kadi zilizokunjwa ndani ya Biblia na kwenye mikebe ya biskuti. Oduor ambaye yuko kwenye kadi ile ana miaka ishirini na sita na ana ndevu. Mimi niliyesoma Baiolojia miaka minne niliketi nikanakili, hata wiki nikanakili, kwa sababu nikianza kuandika jambo nataka tu likamilike. Umeliona kosa hilo ukiwa stoo, mbali, bila kumwona hata mmoja wao. Nimejionea aibu, na papo hapo nimekustahi zaidi.

Lakini kwa mama yangu sikukosea. Nilijua. Kilo sitini na moja alikuwa nazo akiwa na mimba yangu.

Alipata saratani ya tumbo. Alipasuliwa Septemba mwaka jana, na akamaliza dawa mwezi wa pili. Kila kliniki, kabla ya kumwona daktari, kuna mizani, na nesi husoma namba kwa sauti ili mwenzake aandike. Kila mara namba ilikuwa chini ya ile iliyopita. Mara ya nne nilitoka nje nikaketi kwenye benchi la koridoni, na tangu siku hiyo hubaki hapo, najifanya nalinda foleni ya dawa. Sijui mama yangu ana kilo ngapi leo. Kwa macho, hafiki hamsini. Nyumbani hatujawahi kulitaja jambo hili, na naamini likitajwa mbele ya wenzake litamvunja. Yeye ndiye aliyewaahidi safari. Yeye ndiye anayesimama mbele yao akiwaambia amepona.

Nakuomba usimpime. Acha sitini na moja ibaki. Umwekee mchanga kwenye mkoba wa mgongoni, umwambie ni maji ya kunywa, avuke kama wengine bila kujua.

Jibu lako litie kwenye bahasha, tafadhali. Alhamisi nitamngoja Muturi mwenyewe barabarani.

Nangila


Kambi ya Mbega
14 Agosti 2025

Nangila,

Bahasha hapa hakuna. Nimekunja mara nne.

Pole kwa ugonjwa wa mama. Nimesoma barua yako nikatoka nje kidogo kabla ya kuandika.

Jibu ni hapana. Chuma nakagua mimi. Mikanda nakagua mimi. Kilo ndizo natakiwa kuambiwa ukweli. Mchanga huwa naweka, ndiyo, lakini mwenyewe akijua. Asipojua atauegemea vibaya, ama atafungua mkoba atafute hayo maji akiwa hewani. Umewahi kumwona mama aliyeambiwa kuna maji ya bure akakosa kuyaangalia?

Walio chini ya hamsini huvuka na mimi. Tunafungwa pamoja, yeye mbele mimi nyuma. Mimi nina hamsini kamili, tukijumlishwa hatupiti mia, kwa hivyo waya hauna shida. Nimevusha wengi hivyo, hata bibi mmoja wa miaka sabini na nne aliyenifundisha kunyamaza tukiwa hewani. Lakini simfungi mtu kifuani kwangu kwa uongo. Mwambie, ama asipande jukwaani.

Usinichukie. Wewe ndiye wa kwanza kuniandikia namba za viatu na kuongeza nani ana kidole kinachouma. Ningepata wafanyakazi wawili kama wewe ningelala vizuri.

Jepkemei


Kaptembwo
18 Agosti 2025

Dada Jepkemei,

Siku ile Muturi alipita mapema. Nilipofika barabarani alikuwa ameshaondoka, na barua yako ilikuwa chini ya bakuli la mandazi. Mama alinipa, akarudi kwa wateja wake. Ilikuwa bado imekunjwa mara nne.

Nimejaribu kumwambia. Jumamosi nilikaa naye tukichambua mboga, nikasema, "Mama, kuhusu ule waya," naye akasema, "Eeh?" nikasema, "Kuna baridi sana huko." Jumapili nilijaribu tena, nikaishia kumuuliza kama tumbo linamuuma. Ninaweza kuwaeleza watoto arobaini na watano jinsi chembe ya saratani inavyojigawa, nikachora ubaoni kwa rangi tatu. Kwa mama yangu nashindwa kusema neno "kilo".

Kwa hivyo nimeamua. Jumamosi tukifika, waambie wote kwamba waya umeharibika. Wote wakose, na hakuna atakayehitaji kupimwa. Watatembea, watavuka daraja, wataoga maporomoko, watapika. Mama atasikitika, lakini atasikitika pamoja na wenzake.

Najua ninakuomba useme uongo juu ya kitu unachokipapasa kwa kiganja kila asubuhi. Najua pia ulichoniambia ni haki, na kwa hilo nakuchukia kidogo. Nakuomba hata hivyo.

Nangila


Kaptembwo, kwenye meza ya mandazi
20 Agosti 2025

Kwa Jepkemei wa msitu,

Salamu nyingi. Mimi ni Eucabeth, Mama Nangila wa mandazi. Samahani kwa mwandiko, niliishia darasa la saba, na hizi dawa zimeacha vidole vyangu vikiwa na ganzi.

Barua zako zote nimesoma tangu ya kwanza. Usimlaumu Muturi. Ukikunja karatasi mara nne ukaiacha kwenye meza yangu, lazima nihakikishe haijapata mafuta ndani. Za Nangila sijasoma. Yeye hupaka gundi kama mtu wa benki. Lakini mtu akisikia upande mmoja wa simu anaujua na ule mwingine.

Umemwambia aniambie. Hataniambia. Amekuja mara mbili, mara ya kwanza akaniambia kuna baridi.

Kilo zangu nazijua. Kila Ijumaa nikitoka sokoni napita kwa Zeddy, yule kijana anayenunua vyuma chakavu, napanda kwenye mizani yake. Ananiandika kwa chaki ukutani, katikati ya shaba na aluminiamu. Mwezi wa tatu nilikuwa thelathini na nane. Zeddy akasema, "Mathe, hata betri ya lori inakushinda." Nikamwambia wewe andika tu. Tukaendelea, nusu kilo, robo, wiki nyingine hakuna kitu, wiki nyingine inarudi nyuma. Ijumaa iliyopita mshale ukasimama kwa arobaini na tatu. Zeddy aligonga sufuria kuukuu na nyundo mpaka majirani wakatoka wakidhani ni moto.

Siku ya kadi nilikuwa tayari kuitaja mbele ya wote. Lakini Nangila alinifikia na kalamu, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Mama, wewe ni sitini na moja, nimeona." Nikaangalia macho yake. Nikasema ndiyo, sitini na moja. Hata kliniki yeye hukaa nje, eti analinda foleni ya dawa. Foleni ile watu huandikwa majina, haihitaji mlinzi. Huyu mtoto amesoma sana na anaona vitu vingi kwa undani, lakini anafikiri mimi ndiye naogopa mizani. Nami nimemwacha afikiri hivyo mwaka mzima, nikidhani namsaidia. Sisi wawili tumekosea sawasawa.

Nivushe na wewe. Mchanga sitaki. Sijui Nangila amekujibu nini, lakini kama ameomba jambo la ajabu msamehe, ni mapenzi yanamsumbua. Na usimwambie nimekuandikia. Acha nimwambie mwenyewe nikiwa juu ya mizani yako, mahali ambapo hawezi kutoka nje akaketi kwenye benchi.

Nakuletea mandazi kumi na barua hii. Kama ni nane, muulize Muturi.

Eucabeth


Kambi ya Mbega
21 Agosti 2025

Mama Nangila,

Salamu kwako mama. Yalikuwa saba.

Karibu sana. Waya ni mzima. Mizani nitaiweka nje kwenye nyasi. Kulikuwa na benchi moja hapo karibu, nimeliondoa.

Vaa soksi mbili kila mguu, baridi bado inauma.

Jepkemei


Kaptembwo
26 Agosti 2025

Dada Jepkemei,

Hukuijibu barua yangu ya tarehe kumi na nane. Jumamosi nilishuka kwenye gari nikikutazama usoni kama mshtakiwa, na ulipowaambia akina mama kwamba waya ni mzima na umeukagua alfajiri, nilitamani ardhi yote ya msitu ule inifunike. Sasa naelewa kwamba ulikuwa umenijibu kwa mtu mwingine. Mama ameniambia yote, hata kuhusu benchi. Ninyi wawili ni watu wa kuogopwa.

Nataka kuiandika siku ile wakati bado iko kamili kichwani. Mama Oduor alipanda kwanza. Ulisoma tisini na sita, akasema, "Hii mizani imezoea viazi, inahesabu na udongo," nawe ukamjibu bila kucheka, "Basi nitakuvusha pamoja na udongo." Baada ya hapo hakuna aliyeona haya. Walipanda wakitaniana, wakishindana, Mama Wangechi akitaka apimwe mara ya pili baada ya kuvua saa.

Kisha mama. Alivua jaketi akanipa. Akapanda, na kabla mshale haujatulia akasema kwa sauti ile ile anayouzia mandazi, "Arobaini na tatu." Mshale ukatulia hapo hapo. Nilitafuta pa kukaa na hapakuwepo. Mama akanitazama kutoka juu ya kile chuma akasema, "Nangila, mwezi wa tatu ilikuwa thelathini na nane. Hesabu."

Nikahesabu. Kwa vidole, mbele ya watu, nikiwa na jaketi lake mikononi. Tano. Mwaka mzima nilikuwa nakimbia namba inayoshuka, na ilikuwa inapanda nikiwa nimeipa mgongo. Mama Oduor ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na waliomfuata waliwafanya mbega wote wahame mti.

Nilitumwa ng'ambo niwapokee watu. Niliwaona mkifungwa pamoja kwenye jukwaa, ukivuta kila mkanda mara mbili, ukimuuliza kitu, naye akitikisa kichwa. Niliona sketi yake ya bluu imekunjwa kiunoni juu ya suruali ya mume wa Sue. Na niliona mlipotua, alivyosimama kwanza kwenye mguu mmoja kisha kwenye wa pili, kama mtu anayejaribu viatu vipya. Mama Wangechi, aliyekuwa kando yangu, anasema mlipofika katikati mama aligeuza kichwa akakuambia kitu. Nimemuuliza mama. Anasema ni maneno ya watu wa angani. Alikuambia nini?

Kuna jambo jingine. Nimewajua watu wengi wenye elimu wanaozungumza vizuri juu ya ukweli. Wewe ndiye wa kwanza niliyemwona akiufanyia kazi kama kitu cha kushikwa kwa mkono, na bila kumdharau yule anayeuogopa. Sijui nitakulipaje hilo, kwa hivyo naliandika tu.

Nangila


Kambi ya Mbega
29 Agosti 2025

Nangila,

Usinisifu sana, juzi nimemdanganya daktari wa meno.

Mama alisema hivi. Tukiwa katikati alisema, "Upepo umenijaza machozi, sioni vizuri. Niambie kuna nini." Nikamwambia chini kuna mto na mianzi, kuna podo moja imeanguka imelala juu ya maji, na mbele ng'ambo kuna mwalimu amesimama wima amefumba macho.

Akasema, "Bado amefumba?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Basi ukifika umwambie, yeye ndiye aliyenisimulia huu msitu. Sikuja huku nianze kumsimulia yeye."

Nilipofika nilikuwa na watu tisa wa kufungua mikanda, sikupata nafasi. Ndiyo sasa nakuambia.

Jepkemei


Kaptembwo
9 Septemba 2025

Dada Jepkemei,

Ni kweli, nilifumba. Kwenye barua nilizunguka pale katikati nikidhani hutagundua.

Jana ilikuwa kliniki. Foleni ya dawa iliachwa ijilinde. Nesi alipoita "Eucabeth", niliinuka pamoja naye tukaingia. Nesi akaniuliza kama na mimi ni mgonjwa. Mama akamwambia, "Huyu ni mwalimu, amekuja kusoma."

Alivua viatu akapanda. Nikamwomba nesi anipe ruhusa niisome mimi, na akashangaa, lakini akasogea kando. Zile namba nyekundu zilicheza kidogo, zikatulia. Arobaini na mbili nukta tano. Nusu kilo chini ya ile ya kwako. Nilijua benchi liko hatua nne nyuma ya mgongo wangu, upande wa kushoto wa mlango. Niliisoma kwa sauti, yote, pamoja na nukta, na nesi mwenzake akaandika. Kisha nikamtazama mama.

Yeye alikuwa anaangalia miguu yake mitupu, akifikiri taratibu, kama anayechagua nyanya.

"Kule msituni nilipanda na viatu," akasema. "Vilikuwa na matope."

Nangila